Misaada bila kamera

Mhariri,

Sisi wazazi wa vitongojini tumezoea kuwapeleka watoto wetu kugawa nguo na madaftari kwenye vituo vya watoto yatima. Ni jambo jema. Kinachoniudhi ni simu. Mtoto wa kituoni anashikishwa furushi, anaambiwa atabasamu, na kabla hata hajalifungua sura yake imeshasambaa mitandaoni. Nani kati yetu angekubali wa kwake afanyiwe hivyo? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 16, unalinda faragha ya kila mtoto. Na hizo nguo, jamani, tuzifue kwanza. Wasimamizi wa vituo nao wasione haya kutuambia simu zibaki garini.

Mzazi, msomaji wenu