Risala ya Madereva na Matingo wa Magari ya Kukokota kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti na viongozi wa kikundi chetu,
Wahitimu wetu wa leo,
Familia zetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima hadi kufika siku hii. Maneno haya husomwa katika kila risala, tunajua. Lakini kwa mtu anayefanya kazi pembeni mwa barabara usiku, uzima ni kitu anachokishukuru kila anapofungua mlango wa nyumba yake alfajiri. Pili, tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali kukaa nasi leo, wakati vijana wetu 9 wanapokea vyeti baada ya kumaliza mafunzo ya kukokota magari yaliyoharibika au kupata ajali.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kazi yetu ina historia. Mwaka 1916, katika mji wa Chattanooga nchini Marekani, fundi aitwaye Ernest Holmes aliitwa kumsaidia mtu ambaye gari lake lilikuwa limetumbukia kwenye kijito. Walilitoa kwa kamba na nguvu za mikono ya wanaume kadhaa, kwa shida kubwa. Holmes aliporudi gereji alichukua gari lake aina ya Cadillac la mwaka 1913, akalifunga nguzo tatu, kapi na mnyororo. Hapo ndipo gari la kukokota lilipoanzia. Magari yetu ya leo yana haidroliki na rimoti, ila anayeyaangalia vizuri bado atamwona Holmes mle ndani.

Watu wengi hudhani kukokota ni kufunga ndoano na kukanyaga mafuta. Ingekuwa hivyo, vijana hawa wasingesota darasani. Gari la giaboksi ya otomatiki, kwa mfano, pampu yake ya oili huzungushwa na injini. Ukilivuta injini ikiwa imezimwa huku magurudumu yanayosukuma gari yakiwa yanagusa barabara, giaboksi inazunguka kavu, na mteja aliyekuita kwa pancha anaishia kununua giaboksi. Gari la umeme nalo, magurudumu yakizunguka, mota inaweza kuzalisha umeme na kuunguza mfumo wake, kwa hiyo hupakiwa zima zima juu ya gari lenye sakafu bapa. Halafu kuna waya wa winchi, ile mashine ya kuvutia gari. Waya uliokazwa ukikatika hurudi kama mjeledi, na mwili wa binadamu hauusimamishi. Ndiyo maana somo la kwanza tunalowapa vijana, kabla hata hawajagusa usukani, ni mahali pa kusimama.

Ombi langu, Mheshimiwa, niruhusu nikupeleke barabarani kidogo.

Ni saa nane usiku, mvua inanyesha. Gari dogo limeserereka kwenye kona na kuingia mtaroni, na ndani alikuwemo mama mmoja na mtoto wake. Hawajaumia. Tumewasogeza mbali na lami, tumepanga pembetatu, taa zetu za njano zinawaka. Mimi nimelala chali kwenye tope nikitafuta mahali pa kufungia mnyororo bila kuvunja chochote, na miguu yangu imetokeza upande wa barabara kwa sababu hakuna namna nyingine. Ukiwa umelala hivyo, lori hulisikii kwa masikio kwanza. Unalisikia mgongoni. Ardhi inatetemeka, kisha unakuja mwanga, kisha upepo wake unakuvuta nguo na maji ya barabarani yanakupiga usoni. Tingo wangu alisimama na tochi akipunga. Kila alipoona dereva hapunguzi mwendo, alipaza sauti: "Linakuja!" nami nikavuta miguu. Usiku ule nilivuta miguu mara 11. Tingo ndiye aliyehesabu, akaniambia tukiwa njiani kurudi, na hakuna kati yetu aliyeongea tena mpaka tulipofika.

Hiyo ndiyo shida yetu kubwa, na zilizobaki zinakuja nyuma yake. Kutukanwa tumezoea. Mtu gari lake limemfia, amechelewa, hasira zake zote zinamwangukia wa kwanza kufika, na huyo ni sisi. Usingizi wa vipande vipande tumeuzoea pia, ingawa wake na waume zetu waliokaa hapa wanaweza kusema kuwa wao hawajazoea.

Tusichokizoea ni kile tunachokikuta ndani ya magari yaliyogongana. Majeruhi wakishachukuliwa, askari wakishapima, sisi ndio tunaobaki na gari. Niliwahi kukuta simu inaita chini ya kiti, na kwenye kioo limeandikwa "Mama". Iliita, ikakatika, ikaita tena. Si kazi yetu kuipokea, wala habari ile si yetu kuisema. Niliikabidhi kwa askari, nikafunga mnyororo, nikaendesha. Lakini mlio ule ninao hadi leo. Daktari na askari angalau wanafahamika kwamba huona mambo mazito. Tingo wa miaka 22 hakuna anayemuuliza amelalaje.

Kuna raha yake, na ndiyo iliyotuweka hapa. Ipo sauti ambayo tope hutoa linapoliachia gari, na anayeifahamu anatabasamu hata akiwa amelowa. Ila usiku ule ninaokusimulia raha yangu ilitoka kwingine. Gari lilipokaa juu ya lami, yule mama aliingia kabini na mtoto wake, akapiga simu nyumbani. Alisema: "Msihofu. Tuko na watu." Hakutujua majina. Mtoto alikuwa ameshasinzia juu ya koti la tingo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi kwako. Kubwa kuliko yote ni sauti yako. Nchini Marekani majimbo yote 50 yana sheria inayomtaka dereva ahamie njia ya mbali au apunguze mwendo anapokaribia gari la dharura lililosimama pembeni, na hata huko wakokotaji bado wanagongwa. Katika mji uleule wa Chattanooga kuna ukuta wenye majina ya waliofia kazini. Kwa hiyo sheria peke yake hatuiombi. Tunaomba kila unaposimama mbele ya watu wanaoendesha magari uwaambie kwamba nyuma ya taa ya njano kuna mtu amelala chini, na wamwachie nafasi. Tunaomba pia utusaidie kupata mshauri wa kuzungumza na vijana wetu baada ya ajali mbaya, na wakufunzi wa magari ya umeme, ambayo betri yake inaweza kuwaka tena hata baada ya moto kuzimwa.

Mwisho, Mheshimiwa, mezani pako pamoja na vyeti tumeweka fulana 9 za kuakisi mwanga. Tungeweza kuwagawia wenyewe. Tunaomba uwavishe wewe kwa mikono yako, mmoja mmoja, mbele ya wazazi wao.

Karibu sana. Tunaomba kuwasilisha.