Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Kazi Duniani: Mkataba Na. 158 urudi mezani

Mheshimiwa Bwana Gilbert Houngbo,

Kwanza pokea salamu zangu. Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kukaa kwenye vikao vya nidhamu kando ya mtu ambaye ajira yake iko hatarini, nikisoma faili na kuuliza maswali, na mara nyingi nikitoka na jibu lililokuwa limeshaandikwa kabla hatujaingia. Sikuandikii kumshtaki mwajiri yeyote. Kwa hilo yupo afisa kazi, na akishindwa upo usuluhishi na zipo mahakama. Nakuandikia kuhusu waraka wa shirika lako mwenyewe: Mkataba Na. 158 wa mwaka 1982, unaohusu mwajiri kusitisha ajira. Naomba urudishwe mezani.

Mkataba wenyewe hauna makuu. Kifungu cha 4 kinasema mfanyakazi asiachishwe kazi bila sababu ya msingi, na sababu zinazokubalika ni za aina tatu tu: uwezo wake, mwenendo wake, au mahitaji ya uendeshaji wa shughuli. Cha 7 kinasema kama sababu ni mwenendo au utendaji, asiachishwe kabla hajapewa nafasi ya kujitetea dhidi ya tuhuma zinazomkabili. Cha 8 kinampa haki ya kukata rufaa mbele ya chombo kisichoegemea upande. Cha 9 kinakataza mzigo wa uthibitisho kuachwa mabegani mwake peke yake. Yeyote aliyesomea usimamizi wa rasilimali watu anayajua haya kwa maneno mawili: sababu halali na utaratibu wa haki. Wanafundishwa mwaka wa kwanza, wanayajibu kwenye mtihani, wanafaulu.

Sasa tazama yanavyofanyika. Mtunza stoo mmoja alituhumiwa kwa upotevu wa mali. Barua ya kumtaka ajieleze alikabidhiwa Ijumaa jioni wakati watu wanatoka. Kikao kilipangwa Jumatatu asubuhi. Barua ilisema “upotevu wa mali” na kuishia hapo: mali gani, kiasi gani, lini, haikusema. Ripoti ya ukaguzi iliyotajwa kuwa ndiyo ushahidi hakupewa. Tulipoingia, mwenyekiti wa kikao alikuwa meneja yuleyule aliyeandika mashtaka. Mtu wangu akaeleza kwamba funguo za stoo zilikuwa zinashikwa na watu watatu, akaomba daftari la kuchukulia funguo liletwe. Mwenyekiti akatazama saa, akasema kikao kimemsikia. Baadaye, tulipopata nakala za faili kwa ajili ya rufaa, tukakuta barua ya kumwachisha kazi ina tarehe ya Alhamisi. Yaani siku moja kabla hajaulizwa ajieleze.

Nenda kwenye faili hilo leo, hutakosa kitu. Barua ya kujieleza imo, wito wa kikao umo, mahudhurio yamesainiwa, muhtasari umepigwa chapa vizuri. Afisa rasilimali watu alikuwa na orodha yake na kila hatua aliitia alama ya vema. Ndiyo maana kampuni inayojisifu kuwa na mwongozo mnene wa nidhamu hainitishi wala hainivutii. Mimi huuliza mambo machache tu: nani aliandika mashtaka na nani anaamua, mtuhumiwa alipewa ushahidi lini, na je, amewahi mtu kuingia kwenye kikao chenu akatoka na kazi yake? Hilo la mwisho huwa halijibiwi haraka.

Kuna na hili la kuchanganya mwenendo na uwezo, ambalo nakutana nalo kuliko lolote. Mtu aliyeiba na mtu asiyefikia malengo hawapiti mlango mmoja. Wa pili anatakiwa kwanza aambiwe kiwango kinachotakiwa, aelekezwe, aonywe kwa maandishi, apewe muda wa kujirekebisha. Pendekezo Na. 166, lililopitishwa pamoja na mkataba huo, linasema hivyo hivyo bila kuzunguka: asiachishwe kwa utendaji usioridhisha mpaka awe amepewa maelekezo yanayofaa na onyo la maandishi, na bado akaendelea vilevile baada ya muda wa kutosha. Lakini nimeshika mafaili ambamo mtu anapewa alama nzuri za tathmini mwaka baada ya mwaka, kisha anaachishwa kwa “utendaji hafifu” muda mfupi tu baada ya kumkatalia bosi jambo. Mabosi wengi hujaza fomu za tathmini kwa kuoneana haya au kwa uvivu, halafu fomu hizohizo zikisomwa mbele ya msuluhishi wanashangaa ni za nani.

Pengine utauliza kwa nini nakusumbua wewe na si waziri wa kazi. Ni kwa sababu haki nyingine zote mnazozitetea pale Geneva zimeegemea hii. Mkataba Na. 1 wa mwaka 1919 uliweka kikomo cha saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Na. 87 wa mwaka 1948 ukalinda uhuru wa kuunda vyama. Na. 100 wa mwaka 1951 ukataka malipo sawa kwa wanawake na wanaume kwa kazi yenye thamani sawa. Na. 190 wa mwaka 2019 ukapiga marufuku ukatili na unyanyasaji kazini. Yote ni mizuri. Lakini mama anayedai malipo ya saa za ziada, binti anayemripoti meneja anayemshikashika, kijana anayegawa fomu za chama wakati wa mapumziko, wote hujiuliza jambo moja kwanza: kesho nitakuwa na kazi? Jibu likiwa halijulikani, wengi hunyamaza, na mkataba mliousaini unabaki kuwa wa wale wasiouhitaji.

Najua Kifungu cha 5 kinataja sababu ambazo kamwe si halali: uanachama wa chama, kumshtaki mwajiri kwa kuvunja sheria, rangi, jinsia, ujauzito, dini, maoni ya kisiasa na kadhalika. Na najua mikataba mingine, kama Na. 111 wa mwaka 1958, inakataza ubaguzi. Ila tangu nianze kazi hii sijaona barua inayosema “tunakuachisha kwa sababu una mimba”. Barua husema “mabadiliko ya muundo”. Pale ambapo sheria haimlazimishi mwajiri kutoa sababu na kuitetea, anayebaki kuthibitisha ubaguzi ni yule asiye na faili, asiye na barua pepe za ofisi, na ambaye mashahidi wake bado wanautaka mshahara wa mwisho wa mwezi.

Basi tazama mkataba huu umefikia wapi. Na. 182, unaohusu aina mbaya kabisa za ajira ya watoto, uliridhiwa na nchi wanachama zote 187 kufikia mwaka 2020, na ilikuwa mara ya kwanza kwa shirika kufikia hapo. Na. 158 umeridhiwa na nchi zisizofika 40. Aprili 2011 wataalamu wa serikali, waajiri na wafanyakazi walikutana Geneva kuujadili, wakaachana bila kuafikiana. Tangu hapo uko njiapanda: haujafutwa, wala hakuna anayeupigia debe.

Wala si kwamba hauna meno. Mwaka 2005 Ufaransa ilianzisha mkataba wa ajira kwa biashara ndogo ulioruhusu mwajiri kumwachisha mtu ndani ya miaka 2 ya kwanza bila kutaja sababu. Vyama vikalalamika, suala likafika kwenye Baraza lenu la Utawala, chombo kinacholiongoza shirika, na mwaka 2008 mahakama ya juu kabisa ya rufani za kazi nchini humo ikaamua kwamba mpango huo ulikuwa unakwenda kinyume na Mkataba Na. 158. Brazil nayo iliuridhia mwaka 1995, ikajitoa mwaka uliofuata, na kesi ya kupinga kujitoa huko ikakaa kwenye mahakama kuu ya nchi kwa zaidi ya miaka 20. Nchi haihangaiki kujitoa kwenye karatasi isiyo na nguvu.

Waajiri wana hoja, na nisiwaonee. Wanasema biashara ndogo haina idara ya rasilimali watu, haina mwanasheria, na kuogopa kesi kutawafanya wasiajiri kabisa. Hofu hiyo naielewa. Lakini mkataba umeacha nafasi: Kifungu cha 2 kinaruhusu nchi kuwaweka kando walio kwenye kipindi cha majaribio, ilimradi muda wake umepangwa mapema na ni wa kiasi, na walioajiriwa kwa mkataba wa muda maalumu au kibarua cha muda mfupi. Kosa kubwa la kinidhamu halidai notisi. Na shughuli zikidorora, hakuna anayesema mwajiri aendelee kulipa watu asiowahitaji. Kifungu cha 13 kinamtaka tu awape wawakilishi wa wafanyakazi taarifa mapema na kushauriana nao namna ya kupunguza makali. Anayeogopa masharti hayo hasumbuliwi na ukosefu wa mwanasheria.

Mahali ambapo naona mkataba wenyewe una tundu ni hapo hapo kwenye mikataba ya ajira ya muda maalumu. Kifungu cha 2 kinataka nchi ziweke kinga ili mikataba hiyo isitumike kukwepa ulinzi, lakini kinga hiyo imeachwa kwa kila nchi ijitungie. Matokeo yake nakutana na watu waliofanya kazi ileile, kwenye meza ileile, kwa mikataba ya miezi sita sita inayofuatana. Siku bosi akimchoka mmoja wao, hafukuzwi, mkataba “umeisha”. Kwake hakuna barua ya kujieleza, wala kikao, wala rufaa, na idara ya rasilimali watu inaandika kwenye taarifa yake kwamba mwaka huo haikuachisha mtu hata mmoja.

Ninachoomba ni haya. Juni 2022 Mkutano wa Kimataifa wa Kazi, kikao cha kila mwaka cha nchi wanachama wenu, uliongeza usalama na afya mahali pa kazi kwenye haki za msingi zilizotangazwa mwaka 1998, na Mikataba Na. 155 na 187 ikaingia kwenye kundi la mikataba ya msingi. Kwa hiyo orodha ile si msahafu. Naelewa Mkurugenzi Mkuu hapigi kura, na kwamba bila waajiri kukubali hakuna kitakachopita. Lakini ofisi yako ndiyo inayoandaa ajenda na nyaraka za Baraza la Utawala, na taarifa yako kwa Mkutano ni yako kuiandika. Iandike hii humo: haki ya kuambiwa sababu na kusikilizwa kabla ya kuachishwa, kama hatua ya kwanza kuelekea kwenye orodha ya haki za msingi. Kama mkataba mzima ni mzito kwao, anzeni na Vifungu vya 4 na 7.

Wakati hilo likisubiri, kuna jambo ambalo halihitaji kura ya mtu. Ofisi zenu huzisaidia serikali kuandika sheria za kazi na kuwafunza wakaguzi. Waelekezeni wakaguzi hao walifungue faili la nidhamu, si kuhesabu kurasa zake tu. Waangalie tarehe ya uamuzi na tarehe ya kikao. Waangalie kama aliyeshtaki ndiye aliyehukumu, na kama ushahidi ulimfikia mtuhumiwa kabla ya kikao. Waulize pia mikataba ya muda imefuatana mara ngapi kwa mtu mmoja. Mkaguzi anayejua anachotafuta hamalizi nusu saa.

Na siku mtakapoitisha tena wataalamu wa kuujadili Mkataba Na. 158, waiteni pia watu wanaokaa kwenye vikao hivi, wa pande zote mbili za meza. Maafisa rasilimali watu wamo wanaochoshwa na maigizo haya kama mimi, ila hawana pa kulisemea.

Wako katika utumishi,

Mwakilishi wa wafanyakazi