Kwa Vijana wa Kisumu Mnaosema Algoridhimu Imewafungia

Wanangu,

Jumapili iliyopita, Kibuye ikiwa imefurika watu, kijana mmoja alikuja kwenye meza yangu ya samaki akiwa amenuna. Hakutaka ngege wala omena. Alitaka nimkopeshe pesa akanunue wafuasi wa mtandaoni, kwa kuwa algoridhimu, ile mashine inayochagua video za kumwonyesha kila mtu kwenye simu yake, imemfungia na video zake hazionekani. Nilimnyima, na tangu hapo sijatulia, maana najua si yeye peke yake. Ninyi mnaorekodi video kule Dunga, Kondele na Nyalenda, nawaandikia nyote.

Mashine hiyo haikujui, wala haina kinyongo nawe. Mtu akifungua simu, inamtafutia video inayokisia itamshika. Inakisia kwa yale aliyotazama jana, aliyoruka na aliyomtumia rafiki. Ndiyo maana abiria wawili wakikaa kiti kimoja ndani ya matatu ya Busia, kila mmoja anaonyeshwa mambo yake. Wewe usiulize, "Nitaisukumaje video yangu?" Uliza nani ataitaka, na atakaa nayo kwa muda gani.

Muda huo ndio mzigo wenyewe. Mwaka 2012 YouTube iliacha kutegemea hesabu ya mibofyo na kuanza kutazama dakika, kwa sababu wengi walikuwa wakiweka picha ya kuvutia nje, ukifungua hukuti kitu. TikTok nayo ilieleza mwaka 2020 kwamba kutazama video ndefu mpaka mwisho ni ishara nzito, na kwamba idadi ya wafuasi si kigezo cha moja kwa moja. Someni hapo tena kabla hamjatoa pesa.

Mimi mwenyewe nilipoanza kupika mbele ya simu, video yangu ya kwanza ya omena ilianza kwa salamu. Nilisalimu jirani, chama chetu, na wenzangu wa kanisani. Nilipofungua takwimu za video hiyo nikaona ule mstari wa watazamaji ukiporomoka kabla sijagusa sufuria. Niliumia, kwa sababu salamu ni adabu na nililelewa hivyo. Lakini mtu aliyekuja kujua namna ya kuondoa uchungu wa omena ananunua bando kwa pesa yake. Siku hizi naanza omena ikiwa tayari kwenye maji moto, na salamu naiweka katikati, mikono ikiwa kazini. Watu wanakaa.

Sasa hao wafuasi wa kununuliwa. Wengi ni akaunti tu, hakuna macho nyuma yake. YouTube ikikutaka uwe na waliojisajili 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ili upate mgao wa matangazo, hao 1,000 utawanunua, na saa utazitoa wapi? Kila mtu akitazama dakika 4, hizo ni mara 60,000. Tena kampuni hizi zinakataza wafuasi bandia, na huwa zinawafuta.

Lipo jambo lingine linalonikosesha usingizi. Ugomvi, matusi, na mwili wa mtu aliyezama ziwani vinashika macho haraka. Mashine itaona watu wamekaa, itaona maoni yamejaa, na itakuletea wengine. Haipimi mama wa marehemu ataonaje. Nawasihi, msirekodi maiti. Mkikuta mtu amefanya hivyo, msiitazame video yake wala msiandike maoni ya kumlaani pale chini, kwa maana hata laana yako inahesabiwa kuwa umevutiwa.

Na wewe kijana wa Jumapili, rudi. Njoo alfajiri kabla samaki hawajashushwa, simu ikiwa na chaji. Tutafungua takwimu zako pamoja, tutafute sekunde ile watu wanapokuacha, tuone ulikuwa unasema nini.

Mama yenu, muuza samaki wa Kibuye