Kwa nini hatusaini uthamini wa siku tatu kwa ardhi ya umma

Mteja mmoja wa kampuni yetu ya uthamini na upimaji wa ardhi alitupigia simu mwezi uliopita, na hata salamu hazijaisha alikuwa ameshasema, "Mmetuibia." Ni mkuu wa fedha katika mamlaka ya umma. Miaka miwili iliyopita tuliwathaminia kiwanja kilichokuwa karakana ya magari, wakakiuza kuziba nakisi ya bajeti. Sasa amegundua kwamba aliyenunua amekikata viwanja vidogo vya makazi, na jumla ya aliyoyapata inazidi mara tatu bei aliyolipa. Akauliza sisi ni wathamini gani tusioona thamani ya namna hiyo.

Nikatoa jalada. Ripoti yetu ina thamani mbili: ya karakana kama ilivyo, na ya eneo hilo hilo likibadilishiwa matumizi kuwa makazi. Chini yake tumeshauri wasiuze kabla ya kuomba mabadiliko ya matumizi. Hawakuomba. Mwaka wa fedha ulikuwa unafungwa na hela ilitakiwa iingie kabla ya tarehe, kwa hiyo walichukua thamani ile ndogo wakaifanya bei ya kuanzia mnada. Hatukuficha kitu, na inaniuma kuitwa mwizi kwa kazi ambayo vijana wangu waliifanya kwa uangalifu wote.

Lalamiko hili hurudi kila mwaka likiwa na sura mbili. Kabla ya mauzo tunaambiwa tuna ada kubwa na tunachelewesha, na tunaombwa tusaini uthamini ndani ya siku tatu. Baada ya mauzo tunaulizwa kwa nini hatukuona. Nitajibu yote mawili.

Kwa mhasibu, ardhi ya ziada ni mstari mmoja kwenye rejesta ya mali. Sisi tunaanza na upekuzi wa hati, maana si kila kinachokaliwa na serikali kinaweza kuuzwa na serikali. Tuliwahi kupewa kazi ya uwanja wa shule uliosemekana hautumiki. Kwenye jalada la zamani tukakuta kwamba familia moja iliutoa kwa sharti la kutumika kwa elimu tu. Mnada ulikuwa umeshatangazwa gazetini, ukafutwa. Uwanja huo ungeuzwa, mnunuzi angerudi kudai fedha yake, na familia nayo ingekwenda mahakamani.

Baada ya hati tunaingia uwandani kutafuta bikoni, yaani alama za mipaka zilizosimikwa ardhini. Hapa ndipo wateja wanapopenda njia ya mkato: "Ramani ipo, itumieni hiyo hiyo." Katika kazi moja ramani hiyo ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya thelathini. Bikoni moja tuliikuta chini ya ukuta wa jirani, na bomba kuu la maji lilikuwa limekatiza eneo lote mshazari, bila kuonyeshwa kwenye mchoro wowote. Muuzaji alikuwa tayari kuahidi kwenye mkataba kwamba eneo halina kizuizi. Kuhamisha bomba la ukubwa ule ni gharama inayomeza sehemu nzuri ya bei ya ardhi yenyewe, na kwa ahadi ile gharama ingemrudia yeye. Karakana nazo zina matangi ya mafuta yaliyofukiwa, na udongo wake lazima upimwe kabla mtu hajajenga nyumba juu yake.

Ada yetu inalipia hayo. Mnunuzi mzoefu asiyejua kilichomo ardhini hujikinga kwa kushusha bei, na huishusha kuliko ambavyo tatizo lenyewe lingegharimu. Akijua pia kwamba muuzaji anakimbizana na tarehe, hushusha tena. Kwa hiyo anayeruka upimaji analipa gharama zake ndani ya bei ya kuuzia, ila haziandikwi popote, na ndiyo maana anadhani ameokoa.

Hata serikali zenye wataalamu wengi zimeumia. Mwaka 1996 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliuza nyumba za familia za wanajeshi zaidi ya 57,000, pamoja na ardhi yake, kwa kampuni ya Annington kwa takriban pauni bilioni 1.66, kisha ikazikodi kutoka kwa kampuni hiyo ili wanajeshi waendelee kuishi humo. Matengenezo yalibaki mzigo wa wizara. Bei za nyumba zilipanda kuliko ilivyokadiriwa, na mwaka 2018 ofisi ya taifa ya ukaguzi ya huko ilikadiria kwamba serikali ingekuwa na nafuu ya kati ya pauni bilioni 2.2 na 4.2 kama isingeuza. Januari 2025 serikali ikanunua tena nyumba zaidi ya 36,000 kwa takriban pauni bilioni 6. Huwa nawasomea wateja namba hizi kila wanaponiambia, "Tuuze sasa, mengine tutaona baadaye."

Simaanishi kwamba kuuza ni kosa. Ghala tupu linalohitaji mlinzi na ukarabati kila mwaka liuzwe, na mapema. Ila nakisi inayojirudia kila mwaka haizibwi na kiwanja kinachouzwa mara moja. Nchini Singapore fedha za mauzo ya ardhi ya serikali huingia kwenye akiba ya nchi, na serikali iliyo madarakani hairuhusiwi kuzitumia hivi hivi kwa matumizi ya mwaka. Wanaihesabu ardhi kama mtaji. Sehemu kubwa huitoa kwa pango la muda maalumu, na kwa makazi kwa kawaida ni miaka 99, kisha inarudi.

Kama lazima muuze moja kwa moja, tunawaandikia kwenye masharti ya mauzo kipengele cha mgao: mnunuzi akibadilisha matumizi au akiuza kwa faida ndani ya miaka iliyotajwa, sehemu ya faida inarudi kwa muuzaji. Kipengele hicho kilikuwemo kwenye rasimu yetu ya ile karakana. Kiliondolewa ili mnunuzi asisite.

Uthamini wa siku tatu hatusaini, hata kwa malipo ya ziada. Tunahitaji hati, jalada lote la eneo, ramani zote hata zilizochanika, na mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi pale, maana huyo ndiye anayejua matangi yalifukiwa wapi.

Mkuu yule wa fedha ana viwanja vingine viwili kwenye orodha. Safari hii ameleta majalada miezi minane kabla ya mwaka wa fedha kufungwa. Jana wapimaji wetu wamepata bikoni tatu kati ya nne.