Mwiba wa Duka Bovu

Arusha, 9 Novemba

Sudi ndugu yangu,

Salamu nyingi. Huku wazima, mijakaranda imemwaga maua barabarani na vumbi la Kisongo bado linasubiri vuli. Ule ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili. Mara ya pili mama watoto alikuwa pembeni, akacheka: "Wazee wawili mnaongelea macho kama wasichana wanavyoongelea nywele." Mwache acheke. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu hunipi nafasi nikamaliza sentensi.

Umesema una -3 macho yote mawili, yaani mbali huoni vizuri bila miwani, miwani inakusumbua kwenye baiskeli, na mwanao anakushauri ufanyiwe leza uachane nayo. Jibu langu la haraka: usikimbilie. Jibu refu ndilo hili.

Mimi na hii -2.50 yangu nilipofika miaka 47 nikajikuta kila meseji ikiingia napandisha miwani kipajini ndipo niisome. Fundi wa miwani akaniuzia progresivu, zile ambazo juu ni za kuonea mbali, chini za kusomea, na katikati nguvu inabadilika polepole bila mstari. Ofisini ziko vizuri mpaka leo. Lakini baiskeli yangu unaijua, usukani wake umejikunja kama pembe za kondoo dume. Ukiuinamia, uso unaelekea lami na macho yanapanda kuitafuta njia. Unajikuta unachungulia kwenye ukingo wa juu kabisa wa kioo, au juu ya fremu pasipo na kioo chochote. Na ukishusha macho kukagua shimo lililo mbele ya gurudumu, unapita kwenye sehemu ya kusomea, lami yote inaogelea. Siku moja nikishuka kutoka Ngaramtoni niliona kivuli nikadhani ni tuta, nikafunga breki bure. Tuta lenyewe nililitambua nikiwa tayari hewani. Kiwiko changu bado kina alama.

Nikahamia kontakti lenzi, zile za kubandika juu ya jicho. Sudi, wiki ya kwanza nilijiona kijana! Hakuna fremu, hakuna ukungu, naona mpaka pembeni. Kasoro zake nilizizoea: upepo unazikausha, kwa hiyo lazima uvae miwani ya kukinga juu yake, na vumbi likiingia utatamani kuegesha ulie. Daktari alinikataza kabisa kuziosha kwa maji ya bomba, kwa sababu ya wadudu wasioonekana wanaoweza kuliharibu jicho.

Kilichonirudisha nyuma ni pancha. Nilikuwa karibu na Duka Bovu, saa nne asubuhi, jua limeshachacha. Nikatoa tairi, nikabadilisha tyubu, nikajaza upepo. Psss. Mwiba ulikuwa bado umo. Nikapapasa ndani ya tairi kwa vidole, sipati kitu. Nikalisogeza tairi usoni, ukungu mtupu. Nikalisogeza mbali, mkono ukaisha kabla sijaona. Mkono wenyewe ukapanda kuvua miwani kama nilivyozoea, nikakumbuka kwamba safari hii miwani imo jichoni, na vidole vimejaa grisi. Layoni mmoja, mvulana wa Kimaasai aliyekuwa anachunga mbuzi, akaja, akalishika tairi, akatazama sekunde mbili, akachomoa ncha ya mwiba wa mgunga kwa kucha. Akanipa mkononi bila kusema neno. Nilimpa maji na biskuti zangu zote.

Sasa sikiliza, hapa ndipo leza yako inapoingia. Sisi wa mainasi, tusioona mbali, tuna miwani ya kusomea tuliyojaliwa na Mungu. Jicho langu likiwa tupu linaona safi mpaka kama sentimita 40, lako mpaka 33 hivi, na umri hauliondoi hilo. Kinachozeeka ni lenzi iliyo ndani ya jicho: inakakamaa, inashindwa kujikunja kuvuta karibu. Leza haiigusi hiyo. Inachonga konea, kioo cha mbele, ili uone mbali. Kwa hiyo utavua miwani ya barabarani, na wiki hiyohiyo utaanza kutafuta ya plasi ili usome mizani dukani kwako. Wapo wanaochagua jicho moja la mbali na moja la karibu. Niliijaribu kwa kontakti lenzi wiki mbili, kukadiria lori linalokuja kukawa kubahatisha. Kuna wanaoizoea, mimi niliogopa.

Siku hizi navaa miwani ya kuonea mbali tu, kioo cha polikaboneti ambacho hakipasuki ovyo, kipana, kinapanda mpaka kwenye nyusi, na kamba nyuma ya shingo. Mwiba ukiingia, navua. Niliingiza baiskeli dukani kwa fundi wa miwani (mlinzi alinikatalia, tukabishana), nikapanda nikainama, fundi akatia nukta ya kalamu pale mboni inapotazamia. Fremu zilizojipinda sana ziangalie, kwa namba kama yako picha inavutika pembeni. Na zile zinazojigeuza rangi juani sizipendi: zinawahi kuwa nyeusi, lakini ukiingia kwenye kivuli zinachukua dakika kadhaa kung'aa tena.

Lakini wewe na baiskeli yako ya Phoenix unakaa wima kama mwalimu mkuu, unatazama katikati ya kioo kama unavyotembea. Huenda progresivu zisikusumbue kama mimi. Au omba baifokali, kidirisha cha kusomea kiwe kidogo, chini kabisa.

Kuna jambo ulilitaja kwa kupita nami sikulipenda: kwamba usiku taa za pikipiki zinakutawanyikia kama nyota. Inaweza kuwa mtoto wa jicho anaanza, na hapo miwani haitaondoa tatizo lenyewe. Akiwa ndiye, siku ya kumtoa wanaweka lenzi mpya na namba yake inachaguliwa. Ukiwa umeshachongwa konea, hesabu hiyo inakuwa ngumu zaidi. Kwa hiyo apimwe huyo kwanza, na presha ya macho pia. Na sukari yako ikiwa inapanda na kushuka, namba ya miwani nayo inacheza, usikate kioo mpaka itulie.

Siku ya kupimwa watakutia matone, mboni itafunguka, mwanga utakuumiza saa kadhaa. Baiskeli iache nyumbani, panda bajaji. Wakikupa karatasi ya vipimo, ipige picha unitumie.

Msalimie mama Zuhura, mwambie deni la ng'onda bado nalikumbuka.

Wako,
Elia