Siku ya ofu ipo, mapumziko hayapo

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongelee hizi makala za kila wikendi za kutufundisha kutumia vizuri siku za mapumziko, sijui toka nje, fanya mazoezi, onana na marafiki, jifunze kitu kipya. Wanaoandika wana nia nzuri, sikatai, ila jamani kuna sisi ambao ikifika siku ya ofu hata kuoga ni mjadala. Mtu umeisubiri hiyo siku wiki nzima, imefika, uko kitandani unaperuzi simu mpaka saa nane mchana na hamna cha maana unachoangalia, muvi unaianza unaiacha, rafiki anapiga unaitazama tu simu inaita mpaka inakata, sio kwamba humpendi, ni basi tu nguvu ya kuongea huna. Halafu giza likianza kuingia moyo unaanza kwenda mbio maana kesho kazini. Hapo umepumzika nini?

Wa pembeni watakuita mvivu. Wenye huruma watakwambia ulale mapema. Sawa, usingizi unasaidia, lakini huu uchovu sio wa kulala usiku mmoja ukaisha. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 waliuingiza, kwa jina la Kiingereza burnout, kwenye ICD-11, yaani orodha yao ya magonjwa na mambo mengine ya kiafya, tena hawakuuita ugonjwa, walisema ni hali inayotokana na stresi ya kazini ya muda mrefu ambayo haikushughulikiwa vizuri. Dalili wametaja tatu: nguvu kuisha kabisa, kuichukia kazi au kuwa mbali nayo kimawazo, na kujiona hamna unachofanikisha. Sasa angalieni chanzo wamekiweka wapi, kazini, ila ushauri wote tunaopewa ni wa kufanyia nyumbani!

Yupo mwanasaikolojia wa Ujerumani anaitwa Sabine Sonnentag, ametafiti miaka mingi jinsi watu wanavyopumzika baada ya kazi, na anachosema ni kwamba mwili kutoka ofisini hakutoshi, na akili nayo itoke. Tena akaeleza kitu ambacho mimi kilinichoma, kwamba mwenye stresi kubwa ndiye anayehitaji mapumziko kuliko wote na ndiye huyohuyo anayeshindwa kupumzika. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa hivyo ajitahidi afurahi umemuongezea kazi nyingine, na asipofurahi anaanza kujilaumu kwamba hata ofu imemshinda.

Na akili itatokaje wakati grupu la kazi la WhatsApp lenyewe halina ofu? "Samahani najua uko ofu, swali dogo tu." Hilo swali unalijibu dakika mbili lakini kichwa ndio kimesharudi kazini hivyo, na hata wasipotuma kitu unabaki umekaa mkao wa kusubiri. Bado kuna ile kazi yako ambayo hamna aliyeishika ulipokuwa haupo, unarudi unaikuta imelundikana, yaani ofu imekuwa mkopo unaoulipa Jumatatu na riba juu. (Na hapo sijawagusa kina mama ambao ofu yao ni zamu nyingine ya kufua na kupika.)

Wenzetu wengine wameanza kulitungia sheria. Ufaransa tangu Januari 2017 kampuni zenye wafanyakazi 50 na kuendelea zinatakiwa zikae na wafanyakazi zijadiliane kuhusu haki ya kuachana na simu na imeili za kazi muda wa kazi ukiisha. Australia nao tangu Agosti 2024 mfanyakazi anaruhusiwa asijibu bosi nje ya saa zake, labda tu kama kukataa kwenyewe hakuna sababu ya msingi. Sisemi hiyo ndio dawa ya kila kitu, mtu anayefanya kazi za watu watatu hata ukimzimia simu bado anazo zote tatu. Ila angalau huko wameona tatizo halipo kwenye kitanda cha mfanyakazi. Na sio jambo jipya hata, mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1921 ulishasema mfanyakazi wa viwandani apate angalau saa 24 za kupumzika kila siku saba, saa 24 mfululizo, sio zenye swali dogo katikati.

Kwa hiyo Mhariri, ombi langu ni hili, tumeni waandishi wenu wakawahoji mabosi. Wawaulize kila idara ina watu wangapi kwa kazi kiasi gani, mtu akiwa ofu nani anashika nafasi yake, na hiyo meseji ya Jumapili ingesubiri Jumatatu ingeharibika nini. Majibu yao yachapisheni kama yalivyo.

Ni mimi msomaji wenu,
Mfanyakazi