Cheni ya pawasoo: usituambie inchi, tuambie meno

Simu ya kwanza asubuhi hapa dukani Masindi, Uganda, karibu kila siku ni moja: "Bosi, cheni ya inchi 20 iko? Mpe boda alete haraka, vijana wamekaa tu." Nikiuliza ya pawasoo (msumeno wa injini) gani, meno mangapi, upande ule kunanyamaza kidogo alafu nasikia "aa wewe leta ya 20, si zote ni moja". Hapana, si moja, na ndo maana leo nimeamua kuandika manake nimechoka kulipia boda wa kwenda na kurudi.

Inchi ni urefu wa baa (si baa ya bia, ile chuma ndefu inayobeba cheni) basi, haikwambii kitu kingine. Chukua zile pawasoo za Kichina zilizoandikwa 5800, ikiwa na baa ya 20 mara nyingi inataka cheni ya pichi .325 (pichi naieleza hapo chini) yenye meno 76. Sasa weka baa ya 20 kwenye pawasoo kubwa ya kuangushia mti, hiyo inakula pichi 3/8 ya meno 72. Baa urefu ule ule, cheni haziingiliani ata kwa nyundo. Na nikisema meno hapa namaanisha yale ya chini, yanayoingia kwenye mfereji wa baa na kushikwa na sproketi (gurudumu la meno linalozungusha cheni), si yale ya kukata. Watu wengi wanahesabu ya kukata alafu wananipigia "yako 36", tunaanza upya.

Kwa hiyo namba ni tatu. Idadi ya meno ya chini, hiyo unahesabu mwenyewe, tia alama ya chaki pale unapoanzia usije ukapoteza. Ya pili ni pichi, yaani nafasi kati ya riveti: pima kutoka katikati ya riveti ya kwanza mpaka ya tatu alafu gawa kwa mbili. Ukiwa na rula ya mtoto ya shule inatosha, riveti tatu zikikupa kama milimita 16 na nusu hiyo ni .325, zikikupa 19 ni 3/8, zikifika 20 na nusu hiyo ni .404, ile ya Stihl 070 ya wazee. Ya tatu ni geji, unene wa lile jino la chini, na hii ndo inayotuua sote, ata mimi mwenye duka.

Mwaka jana mzee mmoja wa upande wa Kigumba alinipigia, na alikuwa amefanya kazi yake vizuri kabisa, kahesabu, kapima: meno 84, pichi 3/8. Nikafurahi, nikafunga cheni kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) nikaipeleka teksi paki, jioni imemfikia. Siku ya tatu nikamwona mlangoni amebeba pawasoo na kipande cha ubao kimepinda kama ndizi. Nikageuza cheni, kwenye jino la chini imegongwa 73. Baa yake ya Stihl imeandikwa 1.6. Hapo nikajua kosa ni langu, manake cheni za Oregon za 3/8 zinakuja 72, 73 na 75, ya kwanza ni geji milimita 1.3, ya pili 1.5, ya tatu 1.6, na mimi nilichukua ile ya Husqvarna kwa mazoea sababu Husqvarna nyingi kubwa zinatumia 1.5 na zenyewe pia ukiweka baa ya 24 meno ni 84. Kila kitu sawasawa isipokuwa nusu ya nusu ya milimita, tena chini ya hapo. Kwa baa mpya pengine asingeona haraka, ila yake mfereji ulikuwa umeshapanuka, cheni ikawa inalala upande mmoja kama mlevi na msumeno unafuata. Nilimpa ya 75 bure na mbao zake tatu zilizoharibika tukaelewana. Tangu siku hiyo sitoi cheni bila kuuliza geji, ata ukinikasirikia. Geji imeandikwa kwenye baa karibu na injini, ifute oili uisome.

Kingine ambacho watu hawaulizi kabisa na mimi naona ndo muhimu kwa huku kwetu: unakata mti au unapasua mbao? Cheni nyingi zinazotoka kwenye boksi zimenolewa digrii 30 au hapo karibu, hiyo ni ya kukata kwa upande, kuangusha na kukata magogo. Lakini vijana wetu wengi kazi yao ni kupasua, gogo la paini au musizi limelala chini na pawasoo inakwenda kwa urefu. Hapo cheni ya 30 inakuja na fujo, inatetemeka, ubao unatoka na mistari mpaka yule mnunuzi wa mbao wa Ndeeba, Kampala, anakupunja bei. Ya kupasua inataka digrii 10. Zipo zinazouzwa hivyo tayari, lakini si lazima, leta yako tunaishusha kidogo kidogo kila inaponolewa, ukiinoa kwa tupa mara tatu nne imeshafika, usiishushe siku moja utamaliza jino lote kwa pesa yako.

Alafu kuna kona ya jino. Ikiwa kali kama pembe ya boksi inakwenda mbio sana kwenye mti safi, ila ikigusa udongo mara moja imekwisha. Ikiwa ya mviringo kidogo ni taratibu lakini inavumilia. Nyumbani magogo yanaburutwa kwenye tope, magamba yamejaa mchanga wa mchwa, kwa hiyo mimi mteja asiponiambia kitu nampa ya mviringo. Na kwa mvule usinibishie, mvule una mawe ndani, kweli mawe, chokaa inayogandia kwenye mti wenyewe, unakata vizuri alafu ghafla unaona cheche. Huo mti beba cheni mbili na tupa.

Tupa nayo unene wake uendane na pichi, kwa milimita: .325 ni 4.8, 3/8 ni 5.2 au 5.5, .404 ni 5.5. Ukitumia moja kwa zote unaharibu.

Kuhusu cheni za bei ya chini zinazopita sokoni. Sisemi kila ya bei rahisi ni mbaya, zipo nzuri. Niliwahi kuchukua mzigo mmoja Kampala, boksi linang'aa, jina nusu linafanana na la kampuni kubwa ila herufi moja imebadilika, mimi sikuona. Wiki mbili wateja wananirudishia, jino linavunjika, riveti zimelegea. Sasa nikinunua nainamisha cheni kwa upande kidole kwa kidole, kila kiungo kikunjike laini bila kukwama, na naangalia vichwa vya riveti vyote vimepigwa sawa. Ile tunayokata wenyewe kutoka kwenye roli la futi 100 tunaiunga mbele yako, angalia kiungo hicho hasa, manake cheni ikikatika inarudi kama mjeledi.

Na tafadhali, cheni ikilegea mpaka skurubu ya kukazia imefika mwisho usikate jino moja ili iwe fupi. Haijarefuka kama mpira, ni riveti zimekula, pichi imeshaharibika na itakula sproketi pia. Hapo unaitupa. Sproketi yenyewe badilisha kila cheni mbili, wengi wanabadilisha cheni tano kwenye ile ile moja alafu wanasema duka letu linauza vitu vibovu.

Cheni mpya ilaze kwenye oili usiku mmoja kama unaweza, oili safi si ile nyeusi iliyotoka kwenye lori, ile ina vumbi la chuma ndani. Siku ya kwanza ikate vitu vyepesi, simama, iache ipoe, kaza tena. Jioni ukimaliza ilegeze, manake ikipoa inajivuta.

Ukishindwa vyote hivyo, mpe boda cheni ya zamani kwenye kaveera, au piga picha mbili WhatsApp, moja ya jino la chini karibu kabisa mpaka namba isomeke na moja ya maandishi kwenye baa. Jumapili tumefunga lakini simu naangalia nikitoka kanisani.